Sura ya Nne: Jivu Lina Msimu

Jioni, mtangazaji wa hali ya hewa katika televisheni za Kagoshima akishataja joto na mvua ya kesho, hutaja jambo moja zaidi: upepo ulio juu ya Sakurajima utavuma kuelekea wapi. Upepo huo ni wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, juu kidogo ya kilele cha mlima wenyewe, ambao una mita 1,117. Ramani ndogo huonyesha mlima na mshale. Mshale ukielekea mashariki au kusini-mashariki, watu wa jijini huanika nguo nje. Ukielekea magharibi, nguo hubaki ndani, madirisha hufungwa, na aliyeosha gari lake leo anajua kwamba kesho ataliosha tena.

Kagoshima ni jiji la watu karibu 600,000, kusini mwa kisiwa cha Kyushu. Limejengwa ufukweni, na ng'ambo ya ghuba, umbali wa kilomita nne hivi, umesimama mlima wa volkano wa Sakurajima. Kivuko hufika huko kwa dakika 15. Napoli ya Italia nayo inaishi chini ya volkano, na miji hiyo miwili ina udugu rasmi tangu mwaka 1960, lakini Vesuvio imetulia tangu 1944. Sakurajima haijatulia. Kipindi chake cha sasa kilianza Oktoba 1955 katika kasoko ya kilele cha kusini, Minamidake, na mwaka 2006 kasoko ya Showa, iliyo ubavuni mwa kilele hichohicho, ikaamka pia. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huihesabu milipuko mmoja mmoja: 474 mwaka 1985, 896 mwaka 2010, 996 mwaka 2011. Kuna miaka mingine yenye makumi machache tu. Mlipuko wa kawaida ni mshindo mmoja, vioo vya madirisha vinatetemeka, kisha wingu la kijivu linapanda juu ya mlima. Watu huinua macho mara moja kuona limeinamia upande gani, halafu huendelea na shughuli zao.

Mgeni hudhani hatari ya mahali hapa ni moto. Mwenyeji anaishi na jivu, na jivu hili halina undugu na lile la kuni. Ni mwamba uliopasuka na kusagika: vipande vya kioo na madini vyenye upana usiozidi milimita mbili, vingine vyembamba kiasi cha kuelea hewani kwa saa nyingi. Haliyeyuki majini. Kingo zake ni kali, kwa hiyo anayewasha waipa juu ya kioo kikavu cha gari hukichora mistari isiyofutika. Mwenye lenzi za machoni huzivua na kuvaa miwani. Likiingia jichoni halisuguliwi, huoshwa kwa maji. Likikauka barabarani, kila gari linalopita hulirusha upya, hivyo mlipuko wa asubuhi unaweza kumkohoza mtu jioni bila mlima kufanya lolote tena.

Linaanguka vipi na wapi, hilo linaamuliwa na majira ya mwaka. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana, maana kaskazi na kusi ni watoto wa bara lilelile la Asia, ambalo hupoa kupita kiasi wakati wa baridi na kupata joto kupita kiasi wakati wa kiangazi, na hewa ikalazimika kwenda na kurudi kati yake na bahari. Japani hupata sehemu yake ya mwendo huo. Kuanzia Novemba hadi Februari hewa nzito ya Siberia hushuka kutoka kaskazini-magharibi, kavu na yenye nguvu. Jiji la Kagoshima liko magharibi mwa mlima, kwa hiyo majira hayo jivu hupewa mgongo na kusukumwa ng'ambo ya pili, rasi ya Osumi, hadi miji ya Tarumizu na Kanoya. Kiangazi mambo hugeuka. Mgandamizo mkubwa wa hewa wa Bahari ya Pasifiki hutawala, upepo hutoka mashariki na kusini-mashariki, tena dhaifu, na wingu la mlima huja polepole juu ya ofisi, masoko na shule za jijini. Majira ya katikati hayana uhakika: siku mbili huku, siku moja kule.

Kwa hiyo jiji hupokea jivu kwa wingi katika miezi ileile ambayo mtu angetamani kufungua kila dirisha. Agosti ya Kagoshima hupita nyuzi joto 30 mchana karibu kila siku, na unyevu wa hewa haumpi mtu nafuu hata usiku. Kabla viyoyozi havijaenea, familia ilichagua kati ya joto na jivu. Watoto wa shule walisoma madirisha yakiwa yamefungwa. Sheria ya taifa kuhusu milima hai ya volkano, iliyopitishwa mwaka 1973 na kurekebishwa mwaka 1978, iliruhusu fedha za serikali kutumika kusafisha jivu na kuwekea shule za maeneo hayo vifaa vya kupoza na kusafisha hewa. Naiona sheria hiyo kuwa kati ya vitu vyenye utu zaidi katika habari yote hii, kwa sababu ilikubali kwamba hewa ya darasani ni jambo la umma, si bahati ya mtoto kuzaliwa upande gani wa mlima.

Mvua nayo ina neno lake. Kagoshima hupata zaidi ya milimita 2,400 kwa mwaka, na Juni peke yake huleta zaidi ya 500, katika msimu wa mvua uitwao tsuyu ambao huanza mwishoni mwa Mei na kumalizika katikati ya Julai. Mtu angedhani mvua husafisha. Ikinyesha kwa nguvu, kweli husafisha. Ikinyesha rasharasha juu ya jivu jipya hufanya tope zito la kijivu linalonata kwenye paa, linaloziba gata na kuzivunja kwa uzito. Jivu lililolowa hupitisha umeme, kwa hiyo mafundi wa nguzo na waya wana kazi ya ziada. Juu ya mlima wenyewe hali ni mbaya zaidi: jivu lililorundikana mabondeni hunyanyuliwa na maji na kushuka likiwa mkondo wa tope na mawe, na ndiyo sababu mito mikavu ya Sakurajima imejengewa kuta na mabwawa ya zege yanayoonekana makubwa mno siku ya jua.

Nataka kukaa kidogo kwenye mfuko wa manjano wa kukusanyia jivu, maana humo ndimo hali ya hewa ya Kagoshima inamoshikika kwa mkono. Manispaa huugawa bure kwa kaya. Ni mfuko wa plastiki nene, si mkubwa, kwa sababu jivu ni mwamba na mfuko mkubwa uliojaa usingebebeka. Asubuhi baada ya jivu kuanguka, watu hutoka na mfagio, kizoleo na kopo la maji. Maji hunyunyizwa kidogo tu, kiasi cha kulituliza vumbi lisipae. Yakizidi, inakuwa kazi ya kuchota tope. Hufagiwa kwanza ngazi, halafu uwanja, halafu sehemu ya njia iliyo mbele ya nyumba. Halisukumwi mferejini, kwa sababu mfereji ukiziba mtaa mzima hupata mafuriko mvua inayofuata. Hutiwa mfukoni, mdomo hufungwa, na mfuko hupelekwa mahali penye kibao maalumu cha kukusanyia jivu, mbali na taka za jikoni, kwa kuwa jivu haliwezi kuchomwa kwenye tanuri la taka. Magari ya manispaa huja kuuchukua. Barabarani hupita magari ya kunyunyiza maji, yakifuatwa na magari ya kufagia.

Hakuna asiyeshiriki kazi hii. Mzee aliyepungukiwa na nguvu hufagiliwa na jirani. Mwenye duka hufagia mbele ya mlango kabla ya kufungua, na aliyepanga chumba cha juu hushuka na mfagio wake pia. Magari ya serikali yangekuwa bure kama kila nyumba ingekaa kusubiri, na mifagio ya wananchi ingekuwa bure kama jivu lililokusanywa lisingekuwa na mahali pa kwenda. Nimesoma maandiko mengi kuhusu ubora wa hewa ambayo huanza na vipimo na kuishia na vipimo. Kagoshima hewa safi ni kazi, na kila mtu anajua zamu yake.

Upendo wa watu wa hapa kwa wafu wao nao umelazimika kujifunza tabia ya mlima. Kwenye Sakurajima yenyewe, ambayo ilikuwa kisiwa hadi 1914, na kwenye sehemu za Osumi makaburi mengi yamejengewa paa, mapaa madogo yenye nguzo, ili jivu lisilifunike jiwe lenye majina. Chini ya mapaa hayo huwekwa maua mabichi. Kwa miaka mingi takwimu za matumizi ya kaya zimekuwa zikiitaja Kagoshima miongoni mwa maeneo ya juu kabisa nchini Japani kwa ununuzi wa maua, na sababu kubwa ni desturi ya kuzuru makaburi mara kwa mara. Anayekwenda na maua huenda pia na kitambaa cha kupangusia.

Jivu si kitu pekee kilichomo hewani. Februari na Machi huja chavua ya mierezi ya Kijapani, iliyopandwa kwa wingi milimani kote nchini baada ya vita ili kupata mbao, na mamilioni ya watu huwashwa macho na kupiga chafya. Machi hadi Mei upepo wa magharibi huleta vumbi la manjano kutoka majangwa ya Gobi na Taklamakan, na Kyushu, iliyo karibu na bara, hupata fungu lake mapema. Pamoja nalo huja moshi wa viwanda, ule wa chembe ndogo zinazoitwa PM2.5, ambazo Japani iliziwekea viwango mwaka 2009: mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 35 kwa siku. Mlima una gesi yake pia, dioksidi ya salfa, ambayo mara nyingi hutoka zaidi ya tani 1,000 kwa siku. Haionekani. Upepo ukiitelemsha kwenye vijiji vya chini ya kasoko, koo huwasha na mwenye pumu hubanwa.

Wasomaji wa Goma wanalijua jambo hili kwa mwili. Nyiragongo, iliyomwaga lava mwaka 2002 na 2021, iko jirani na Nyamulagira, na upepo ukigeuka, moshi wa milima hiyo hushukia mashamba na matangi ya maji ya mvua. Goma ina pia mazuku, hewa ukaa inayotoka ardhini na kukaa mabondeni kimyakimya, ikaua mtoto au mbuzi anayeingia humo. Sakurajima haina sifa hiyo. Lakini mtu wa Goma na mtu wa Kagoshima wakikutana wangeelewana haraka: wote wawili huangalia mlima kabla ya kuangalia saa.

Kuhusu afya, tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1980 kwa watu wanaoishi chini ya mlima zimeonyesha zaidi matatizo ya macho, koo na kikohozi, na madhara ya jivu kwenye mapafu yalionekana kuwa madogo kuliko ilivyohofiwa. Gesi ya salfa inahitaji kuchungwa zaidi, hasa kwa watoto wachanga na wenye pumu. Kwamba mapafu hayakudhurika kama ilivyohofiwa ni jambo la kushukuru, na sehemu ya shukrani iende kwenye mfuko wa manjano, maana jivu lililoondolewa mapema halivutwi mara ya pili.

Sasa turudi kwenye ng'ambo ya pili, kwa sababu hadithi ya Kagoshima husimuliwa mno kutoka jijini. Januari, mtu wa jiji anaposema hewa ni safi na mlima unapendeza, jivu lilelile linaanguka Tarumizu. Wakulima wa Osumi na Sakurajima hulima chini ya mapaa ya plastiki mazao ambayo kwingine yangekaa wazi. Chenza za Sakurajima, zenye upana wa sentimita tano hivi, huvunwa Desemba, jivu likiwa linaelekea mashambani. Figili za kisiwa hicho ni kubwa kuliko zote duniani: moja iliyopimwa mwaka 2003 ilikuwa na kilo 31.1. Udongo wa volkano huzilea vizuri mno, na jivu linalotoka katika mlima uleule huharibu majani yake. Katika ghuba wanafuga samaki wa jamii ya kolekole. Tarumizu waliwahi hata kutia jivu kwenye makopo na kuliuza kwa watalii. Wengine hukausha samaki kwa jivu, samaki akiwa amefungwa kitambaani ili jivu linyonye maji yake bila kumgusa, na nyama yake hutoka laini. Ni ubunifu wa kuheshimiwa. Hata hivyo usitufanye tusahau kwamba mji mdogo hubeba mzigo majira yote ya baridi, huku jiji kubwa lenye kura nyingi na kamera nyingi likipumzika. Anayepima hewa ya Kagoshima kwa vituo vya jijini peke yake amepima nusu ya mwaka.

Utabiri nao umekua. Tangu Machi 2015 Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa jivu kwa hatua tatu. Kila baada ya saa tatu hutangaza jivu lingeanguka wapi iwapo mlipuko ungetokea ndani ya saa 18 zijazo. Mlipuko ukitokea kweli, tangazo la haraka hutoka ndani ya dakika tano hadi kumi. Baadaye kidogo huja ramani kamili ya saa sita, yenye viwango: kidogo ni chini ya milimita 0.1, wastani hufika milimita moja, na zaidi ya hapo ni jivu jingi, ambalo mtu hushauriwa asitoke wala asiendeshe gari. Kabla ya utabiri huo kuanza, tarehe 18 Agosti 2013, kasoko ya Showa ilirusha wingu mita 5,000 juu, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, lilikuja jijini. Mchana ukawa giza, magari yakawasha taa, treni zikasimama kwa muda ili reli zisafishwe.

Watu wa Sakurajima hawaupokei utabiri wowote kwa macho yaliyofumbwa, na wana sababu. Januari 1914 ardhi ilitetemeka mara nyingi, maji ya visima yakabadilika, na mkuu wa kijiji cha mashariki mwa kisiwa akakiuliza kituo cha hali ya hewa kama mlima ungelipuka. Akajibiwa hapana. Tarehe 12 asubuhi ukalipuka. Waliokuwa wamekwisha kuondoka kwa uamuzi wao walisalimika. Baadhi ya waliosubiri kauli ya wataalamu walikufa katika maji baridi wakijaribu kuogelea. Mlipuko huo na tetemeko la jioni yake viliua watu 58, na lava ikaujaza mlangobahari wa mashariki hata kisiwa kikaungana na Osumi. Mwaka 1924 wakazi walisimamisha jiwe la ukumbusho katika uwanja wa shule ya Higashi-Sakurajima, wakawausia watakaokuja baadaye wasitegemee nadharia, wakiona dalili waondoke. Kila mwaka hufanyika zoezi la kuhama kisiwani. Watoto wa shule huko huenda darasani wakiwa na kofia ngumu za manjano. Na Chuo Kikuu cha Kyoto kimeweka kituo cha uchunguzi mlimani tangu 1960, ambacho hupima jinsi ardhi inavyovimba magma inapokusanyika chini ya ghuba, mita za ujazo milioni 10 hivi kwa mwaka. Jiwe na vipimo vinaishi pamoja, na nadhani ndivyo inavyofaa.

Lakini katika habari ya 1914 kuna jambo ambalo jiji halipaswi kulichukua kama kawaida. Mlipuko ule mkubwa ulitokea Januari. Upepo wa kaskazini-magharibi ulilibeba jivu na mawe mepesi ya povu hadi Osumi, ambako vijiji vingine vilizikwa kwa zaidi ya mita moja, na mikondo ya tope ikaendelea kuwatesa watu wa huko miaka mingi baadaye. Jiji la Kagoshima lilipata tetemeko, lakini jivu lake lilikuwa dogo ukilinganisha. Lango la hekalu la Kurokami, mashariki mwa kisiwa, lilikuwa na urefu wa mita tatu, na leo ni mita moja ya juu tu inayoonekana. Mlipuko kama huo ukitokea Julai au Agosti, mshale wa televisheni ukiwa umeelekea magharibi, watakaozikwa ni watu wa jiji. Manispaa imekwisha kuandika mpango kwa ajili ya siku hiyo, wa kukabili jivu na mawe mengi kuliko yale ambayo mifuko ya manjano inaweza kubeba. Magma iliyotoka mwaka 1914 imekwisha kurudi kwa sehemu kubwa. Gari la kawaida hukwama kwenye jivu kavu la sentimita 10, na kwenye jivu lililolowa sentimita tatu zinatosha, kwa hiyo mtu wa katikati ya jiji atakayengoja hadi aone linaanguka ndipo aamue kuondoka, atakuwa amechelewa.